Kumfunza mtoto baiskeli: kusimama kwanza, kwenda baadaye

Assalaam alaykum wazazi wenzangu. Sikukuu inakaribia, na baiskeli ndogo zimeshaanza kuning'inizwa mbele ya maduka. Mimi nasomesha watoto wa maandalizi hapa Chake Chake, na kila baada ya Iddi napokea darasani watoto wenye magoti yaliyochubuka. Magoti yanapona. Ninayoyaogopa ni mengine, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mwanangu wa kwanza nilimfunza mwenyewe. Nilimshika kiti kwa nyuma, nikakimbia naye, nikamwachia, akaenda. Nyumba nzima tulipiga vigelegele. Siku ya tatu akateremka nayo mlima wa mtaani kwetu, na katika siku zote zile sikuwahi kumwonesha breki inabanwaje. Tulimtoa mtaroni, mkono umevunjika karibu na kiganja. Nilikuwa nimemfunza nusu ya kazi. Tangu siku ile, mtoto yeyote anayepita mikononi mwangu anajua kusimama kabla hajajua kwenda.

1. Kwanza chombo kimtoshe

Tuna mazoea ya kununua kubwa "aikulie", kama tunavyonunua sare za skuli. Shati likiwa kubwa unakunja mikono, lakini baiskeli kubwa haikunjiki. Msimamishe mtoto juu ya fremu: nyayo zote mbili zikanyage chini kikamilifu, na nafasi ya vidole viwili au zaidi ibaki kati yake na chuma. Kwa kawaida tairi za inchi 12 humfaa mtoto wa miaka mitatu au minne, za inchi 16 wa mitano au sita, na za inchi 20 wa saba hadi tisa. Hata hivyo, tazama urefu wa mguu kuliko umri.

Kisha angalia vidole vyake. Vinaifikia breki? Breki nyingi za mkono zina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na mshikio, na fundi baiskeli wa mtaani anaimaliza kazi hiyo kwa dakika moja.

2. Ikague pamoja naye

Fanyeni pamoja ili aizoee mapema kama anavyozoea kutia udhu kabla ya kusali. Bonyeza tairi kama zina upepo. Bana breki kisha sukuma baiskeli mbele. Gurudumu likizunguka, breki haipo. Tazama cheni isiwe imelegea. Bana gurudumu la mbele kati ya magoti yako ujaribu kuuzungusha sukani: ukizunguka peke yake, bolti haijakazwa.

Na tafadhali angalieni mipira ya mwisho wa sukani. Ikichanika, bomba la chuma linabaki wazi, na mtoto akianguka nalo linamchoma tumboni kama mpini. Jeraha la aina hiyo linaweza kupasua bandama au ini huku juu ya ngozi pana alama ndogo tu. Mtoto aliyejigonga tumbo na sukani kisha akalalamika maumivu, akatapika au akabadilika rangi, apelekwe hospitali saa ile ile. Usimpe chai ya tangawizi ukangoja asubuhi.

3. Nguo

Ajali nyingi ninazoziona ni za nguo. Kanzu ya chuoni, juba, ncha ya mtandio: vyote vinapenda cheni. Kanzu ipandishwe ifungwe kiunoni, au avae suruali ndani na kanzu aibebe. Mtoto wa kike avae ushungi wa kubana wenye ncha zilizochomekwa ndani. Miguuni viatu vya kufunika vidole, si ndara.

Helmeti ikipatikana, ikae sawasawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, isiegemee kisogoni. Mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja. Kofia ya kiua au kilemba cha mtandio visikae chini yake, vinaifanya iteleze. Akishuka kwenye baiskeli aivue, kwani akipanda nayo kwenye mwembe mkanda unaweza kunasa tawini ukamkaba.

4. Pahala

Kiwanja cha skuli Jumamosi asubuhi, penye majani mafupi na mwinamo mdogo sana. Pasiwe na kisima wala mtaro, na gari zisiweze kufika. Masika tumieni pahala pakavu; udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni, na rimu zikirowana breki hazikamati upesi.

5. Somo lenyewe

Siku ya kwanza hapandi kabisa. Anatembea ubavuni mwa baiskeli, mikono yote miwili kwenye sukani, na mimi nasema "Simama!" Anabana breki zote mbili kwa pamoja, polepole kisha kwa nguvu. Akibana ya mbele peke yake kwa ghafla, gurudumu la nyuma linanyanyuka, na aione hatari hiyo akiwa bado yuko chini. Tunafanya hivyo mpaka mkono ujibu wenyewe. Nikishaona hivyo naugeuza kuwa mchezo: anasimama nikitaja tunda, hasimami nikitaja samaki. Embe! Changu! Wanacheka, na masikio yanajifunza kufanya kazi pamoja na mikono.

Siku ya pili fungua pedali zote mbili kwa spana namba 15 na ushushe kiti mpaka nyayo zikanyage. Ajisukume kwa miguu kama bata, kisha kwa hatua ndefu, kisha ainue miguu yote miwili na ateleze. Hapa ndipo mwili unapojifunza kutopinduka. Wengine wanachukua saa moja, wengine wiki mbili, na msimlinganishe na mtoto wa jirani. Macho yatazame mbali, maana baiskeli inafuata macho: akilitazama jiwe atalipanda.

Akiweza kuteleza hatua kumi na kusimama kwa breki bila kuburuza miguu, rudisha pedali. Hata hapo usishike sukani. Mshike mabegani, kwa wepesi, ukitembea naye. Utashangaa ni muda mfupi tu.

Baadaye ndiyo yanakuja mambo ya njiani: kukaa kushoto, kutazama nyuma bila kuyumba, kunyoosha mkono kabla ya kukata kona, kusimama kabisa kila anapotoka uchochoroni. Ila barabara ya gari si ya mtoto wa chini ya miaka kumi hivi akiwa peke yake, hata akiwa hodari. Hajaweza kukadiria mwendo wa daladala inayokuja. Na msimu wa karafuu angalieni zaidi, kwani majamvi yakianikwa pembezoni, wenda kwa miguu na baiskeli wote husogea kwenye lami.

6. Wadogo zaidi

Wenye baiskeli ya matairi matatu, gari za miti na ringi za kukimbiza wana hatari zao. Mtoto aliyekaa chini kwenye kigari hayumo kabisa kwenye kioo cha gari inayorudi nyuma. Kabla ya gari kuwashwa uani, mtu mzima amshike mkono, si amtazame tu. Barazani penye ngazi pawekwe kizuizi.

Ringi nayo humwongoza mtoto: anaikimbilia popote inapokwenda, na inapokwenda mara nyingi ni barabarani. Mfunzeni neno "Iache!" Litupeni ringi makusudi mara ishirini, na kila mara asimame pale ukingoni mwa uwanja huku ringi ikienda zake. Afadhali ringi ipotee.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sisi tupo Jambiani. Maji yakipwa mchanga unakuwa mgumu. Naweza kumfunzia pwani?*

Naam dada, ni pahala pazuri: papana na akianguka haumii sana. Jueni tu saa ya maji kujaa, hasa bamvua, na muwaepuke wanaoendesha vyombo vya moto pwani. Mkirudi ioshe baiskeli kwa maji baridi, ikauke, utie mafuta kwenye cheni. Chumvi itakula nyaya za breki kimyakimya, na siku utakayozihitaji zitakatika.

*Tunakaa Mkunazini, vichochoro vyenyewe unavijua. Wangu ana miaka saba na hakamatiki.*

Navijua kaka, na vespa zake. Vichochoroni ashuke aikokote, hasa penye kona, kwa sababu ukuta unamficha yeye na unamficha anayekuja. Apande akifika Maisara au Mnazi Mmoja, mkiwa pamoja. Usimwambie "endesha pole pole", kwa miaka saba neno hilo halina kipimo. Mwambie: kwenye kona mguu chini.

*Jana nilimpakia binti yangu kwenye karia, mguu ukaingia kwenye spoku. Kisigino kimevimba lakini hakikuchanika sana. Niko Wete.*

Pole sana, shangazi, mpeleke hospitali leo. Kisigino kilichosagwa na spoku huonekana kizuri siku ya kwanza, na ngozi hufa siku zinazofuata. Kioshe kwa maji safi yanayotiririka, kifunike kwa kitambaa safi, usitie dawa ya meno wala majivu. Na kwa wote: mguu ukinasa msiuvute wala msizungushe gurudumu, kateni spoku. Mtoto asipakiwe karia bila pahala pa kuwekea miguu na kizuizi cha kufunika gurudumu.

*Mama mkwe anasema mtoto wa kike asiendeshe. Nimjibuje?*

Usimjibu kwa maneno, mwenzangu. Mwalike uwanjani awe ndiye anayesema "Simama!" Bibi wa hapa kwetu alikuja akiwa amenuna, na sasa ndiye anayenikumbusha Jumamosi. Kuhusu mavazi ana haki ya kuuliza, na jibu ni suruali pana ndani na ushungi wa kubana.

*Alianguka jana akagonga kichwa, akalia kidogo, sasa anacheza. Nimwache?*

Mwangalie kwa siku mbili. Akitapika tena na tena, akiwa mgumu kuamka, akichanganyikiwa, akishikwa na degedege au akitokwa na majimaji sikioni au puani, usingoje hata dakika. Helmeti iliyogongwa kwa nguvu isitumike tena, hata ikionekana nzima.

*Mwalimu, pedali ya kulia imefunguka. Ya kushoto nimeihangaikia tangu alasiri, imegoma kabisa.*

Unaikaza, kaka. Ya kushoto ina hesi za kinyume. Weka spana isimame wima juu ya pedali, kisha isukume kuelekea nyuma ya baiskeli. Kulia na kushoto ni hivyo hivyo, kuelekea nyuma. Ukirudisha, zisukume kuelekea mbele, na uanze kwa vidole kabla ya spana.