Kuunda gari la rimoti la kupanda miamba kwa fremu ya metali

Gari la rimoti la kupanda miamba, au krola, hupanda kwa sababu uzito wake umekaa chini na umeelemea mbele. Lishike jambo hilo kabla hujanunua hata skrubu moja, maana utalirudia katika kila uamuzi, kuanzia unene wa bapa la fremu hadi mahali pa kulaza betri. Hapa tunaunda gari la kipimo cha 1 kwa 10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, kwa sababu vipuri vyake hupatikana kwa wingi na ni rahisi kuvichanganya.

Hatua ya 1: Panga ekseli mezani

Fremu ndiyo itakayozifuata ekseli, kwa hiyo usianze kwa kuchora fremu. Weka mezani ekseli mbili zikiwa na magurudumu yake, gia boksi katikati, na bodi, yaani gamba la juu utakalolivika gari. Umbali wa milimita 313 kati ya ekseli na ekseli unatumika sana katika kipimo hiki, nami nakushauri uanzie hapo. Ukiurefusha, gari litapanda mwinuko mkali bila kupinduka kinyumenyume, lakini tumbo litakwama juu ya mawe. Ukiufupisha, litakata kona vizuri, ila litainua pua mapema.

Chukua rimu za inchi 1.9 na tairi laini zenye kipenyo cha milimita 110 hadi 120. Zilizo bora ni rimu zinazoibana tairi kwa pete na skrubu, kwa sababu utazifungua mara nyingi kubadilisha sponji ya ndani. Difu, yaani gia za ndani ya ekseli zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu yake mawili, zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ziwe zimefungwa ili magurudumu ya kulia na kushoto yazunguke pamoja. Difu iliyo wazi hupeleka mzunguko wote kwenye gurudumu linaloning'inia hewani, na gari husimama palepale.

Hatua ya 2: Kata na toboa fremu

Hapa usiwe na haraka. Fremu ni reli mbili ndefu zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama. Kwa umbali wa ekseli wa milimita 313, reli za milimita 400 hivi zinatosha kubeba bampa na nguzo za shokomzoba.

Swali la kwanza ni chuma au alumini. Reli ya chuma laini yenye urefu wa milimita 400, kimo cha 25 na unene wa 2 ina gramu 157. Ya alumini ya vipimo hivyohivyo, hata ukiinenepesha hadi milimita 3, ina gramu 81 tu. Kwa reli mbili umeokoa gramu 150 hivi, na gramu hizo zingekaa juu ya ekseli, mahali usipotaka uzito. Kwa hiyo reli nazipendelea za alumini, na chuma nakiweka chini kabisa: fito za chini za kushikilia ekseli (Hatua ya 3) na bamba la kukinga tumbo. Ukitaka reli iliyopinda kuipisha ekseli ya nyuma, usiikunje alumini ngumu ya 6061, maana hupasuka kwenye kona. Likate umbo hilo kutoka kwenye bamba pana.

Chora mchoro kwa kipimo kamili, ubandike juu ya bapa, kisha tia alama kila tundu kwa sentapanchi, chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo, ili keekee isiteleze. Zibane reli zote mbili pamoja kwenye jiliwa na uzitoboe kwa mpigo mmoja. Matundu ya kulia na kushoto yakipishana hata milimita moja, ekseli itakaa upande na gari halitakwenda moja kwa moja. Kwa skrubu za M3, zenye unene wa milimita 3, toboa milimita 3.2 pale zinapopita tu, na milimita 2.5 pale utakapochonga uzi. Alumini hung'ang'ania ncha ya keekee. Tone la mafuta ya taa huilegeza. Kwa chuma tumia mafuta ya mashine na mwendo wa taratibu.

Funga vipande vya kukingama bila kukaza. Pima pembe kwa pembe, kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto, kisha mshazari wa pili. Vipimo vikilingana, kona za fremu zimenyooka, kaza sasa. Mwisho piga tupa kingo zote mpaka kidole kipite bila kukwaruzika. Kingo kali hukata waya, na waya uliochubuka ukigusa fremu ya metali ni shoti.

Hatua ya 3: Fito za kushikilia ekseli

Kila ekseli inashikwa na fito nne: mbili za chini zinazokwenda karibu sambamba na reli, na mbili za juu zilizotanuka kama herufi V. Mtanuko huo ndio unaoizuia ekseli kwenda kando. Tumia vyuma vya mviringo vya milimita 6 vilivyochongwa uzi ndani kwenye ncha, pamoja na vichwa vya plastiki vyenye gololi. Fito za chini zilainishe kwa msasa mpaka ziteleze. Ndizo zitakazoburuzwa juu ya mawe siku nzima.

Upande wa fremu, toboa matundu matatu wima kwa kila ufito wa juu wa nyuma, yaachane milimita 6 hivi. Matundu haya yataamua tabia ya gari kwenye mwinuko. Fito za juu na za chini zikikaribiana sana upande wa fremu, ukikanyaga moto mgongo wa gari utainuka na magurudumu ya nyuma yatarukaruka. Ukiupandisha ufito wa juu tundu moja, tabia hiyo hupungua. Anza na tundu la katikati.

Hatua ya 4: Shokomzoba na gia

Shokomzoba za milimita 90 hadi 100 zinatosha. Chagua springi laini, gari likisimama lizame karibu nusu ya mwendo wake, ili gurudumu liweze kushuka kulifuata shimo. Gia boksi ikae chini kadiri inavyowezekana. Kati ya pinioni, gia ndogo ya kwenye mota, na gia kubwa pitisha ukanda wa karatasi, zibane, kaza mota, kisha uutoe.

Hatua ya 5: Umeme

Mota ya brashi ya ukubwa wa 540, yenye namba kati ya 35T na 55T (idadi ya mizunguko ya waya ndani yake), hutambaa kwa utulivu. Namba ikiwa kubwa, mwendo hupungua na udhibiti huongezeka. Kidhibiti mwendo kiwe na breki ya kushikilia gari kwenye mteremko ukiachia moto. Servo ya usukani, mota ndogo inayokata magurudumu, iwe na nguvu ya kilo 20 au zaidi kwa sentimita, ipate umeme kutoka kwenye kipunguza volti chake chenyewe, vinginevyo gurudumu likibanwa jiweni risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti, hukosa umeme na kuzimika.

Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 2 au 3 ilaze mbele, karibu na servo. Seli ikijaa ina volti 4.2, usiishushe chini ya 3.3, na ukiiweka muda mrefu iache kwenye 3.8. Usiichaji bila mtu wa kuitazama.

Fremu ya metali huziba mawimbi ya redio. Kwa rimoti ya gigahezi 2.4, sehemu ya antena inayofanya kazi ni milimita 31 za mwisho. Zisimamishe wima ndani ya mrija wa plastiki, mbali na reli.

Hatua ya 6: Pima uzito, kisha mlalo

Weka magurudumu ya mbele juu ya mizani na ya nyuma juu ya ubao wa kimo kilekile. Lenga asilimia 60 mbele: gari la kilo 3 lisomeke kilo 1.8. Likipungua, bandika risasi za kubalansi tairi ndani ya rimu za mbele, kisha unawe mikono. Uzito wa rimu hauinui kitovu cha uzito, na ndiyo maana naupenda kuliko uzito wa kwenye fremu.

Sasa liweke gari kando juu ya ubao na uinue upande mmoja polepole mpaka magurudumu ya juu yaachane na ubao. Likifika nyuzi 45 ndipo lipinduke, kimo cha kitovu chake cha uzito ni karibu nusu ya upana kati ya magurudumu. Likipinduka mapema, anza kupunguza bodi: rafu ya mizigo na tairi la akiba juu ya paa hugharimu zaidi ya chochote ulichofanya kwenye fremu.

Skrubu zinazoshika metali kwa metali zitie gundi ya kufungia nati, ile ya bluu inayofunguka kwa spana ya kawaida. Endesha betri moja nzima kwenye mawe madogo, kisha pitia tena kila skrubu, ukianzia na zile za propela shafti.