Kukata na kusawazisha zege kwa grainda: kazi ya bafu, hatua kwa hatua

Kazi hii nimeitiwa mara nyingi: sakafu ya bafu imeshamwagwa zege, ndipo mwenye nyumba anakumbuka kwamba sinki la kunawia halina paipu ya kutolea maji. Inabidi kuchana mfereji wa paipu ya inchi 2, kisha kusaga nundu ili vigae vilale sawa. Ukianza na tindo moja kwa moja, zege linameguka ovyo. Tangulia na grainda upate kingo safi, tindo ifuate.

Nazungumzia sakafu ya chini tu, iliyolala juu ya udongo. Zege la ghorofa, nguzo au lenta usiliguse mpaka injinia aseme, kwa sababu nondo zilizomo ndizo zinazobeba nyumba.

1. Mashine na diski. Grainda ya inchi 4 na nusu inatosha. Inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, maana yake ukingo wa diski unakimbia mita 66 hivi kila sekunde. Kuna mafundi wanaong'oa kava linalokinga diski ili wafunge diski ya inchi 9 kwenye mashine hii ndogo. Kwa mizunguko ileile, ukingo wa diski hiyo unapita mita 130 kwa sekunde, wakati diski nyingi zimepimwa kwa 80. Ikipasuka, hakuna atakayewahi kuikwepa. Soma namba ya mizunguko kwenye diski: isiwe chini ya ile ya mashine. Diski ya msumeno wa mbao hata usiifikirie.

Kwa kukata, tumia diski ya almasi yenye mapengo ukingoni. Kwa kusaga, kikombe cha almasi, yaani diski nene yenye umbo la kikombe. Chomoa plagi kabla ya kufunga, fuata mshale wa mzunguko, rudisha kava, funga mpini wa pembeni. Kisha iwashe ikiwa imeelekezwa mbali na watu, izunguke bure dakika moja. Ikitetemeka, zima.

2. Vumbi. Hapa ndipo mafundi wengi tunajidanganya. Mchanga na kokoto vina madini ya silika, na chembe zinazodhuru zaidi ni zile usizoziona. Zinaingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Kitambaa puani hakisaidii. Vaa barakoa yenye alama ya FFP3 au P3, ikubane vizuri. Ndevu zinaifanya ivujishe. Kilicho bora zaidi ni kava la kunyonyea vumbi lililounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi, hapohapo diski inapokata, na barakoa ubaki nayo. Fungua dirisha na mlango, toa watu wote. Kumwagia maji grainda ya kawaida ya umeme ni kutafuta shoti, kwa hiyo maji yasubiri.

Miwani ya kufunika pembeni, vizibo vya masikio, viatu vigumu. Shati lisining'inie.

3. Kukata. Hakikisha hakuna waya wala bomba chini. Piga mistari miwili kwa kamba ya chaki, sentimita 9 kutoka mmoja hadi mwingine. Shika mashine kwa mikono miwili, mwili ukae kando ya mstari wa diski, usiwe nyuma yake. Diski ikibanwa, mashine inaruka kufuata mstari huohuo. Suruali yangu moja ya kazi ina mchano pajani kwa sababu nilipiga magoti mahali pasipofaa.

Mpito wa kwanza uwe milimita 5 tu, kama reli ya kuongoza. Kisha rudia, ukiongeza kidogo kidogo mpaka milimita 25. Usikandamize, na usiipinde diski ndani ya mkato ili kuupanua. Kila nusu dakika inyanyue izunguke hewani ipoe. Cheche nyingi za rangi ya chungwa zina maana umegusa chuma. Na kama diski inateleza tu bila kukata, meno yameziba: kata tofali la mchanga na saruji mara kadhaa, almasi mpya itatokeza.

Zima, subiri isimame kabisa ndipo uiweke chini. Zege la katikati ya mikato miwili litoe kwa tindo na nyundo, ukishuka mpaka kina cha paipu pamoja na mteremko wake.

4. Kusaga. Buruta rula ndefu sakafuni, nundu zitie alama ya chaki. Kikombe kilale bapa, ukisogeza kwa miduara inayopandiana. Ukikaa mahali pamoja sekunde chache, umeshachimba bakuli la kujazwa tena. Saga kidogo, weka pima maji (kifaa cha kupimia usawa), saga tena.

5. Kusafisha. Chomoa mashine na uitoe nje kwanza. Sasa ndiyo nyunyiza maji, kisha zoa ule uji. Kufagia vikavu kunarudisha vumbi lote hewani. Barakoa ivuliwe mwisho.

Laza paipu, uijaribu kwa ndoo nzima ya maji kabla hujaifunika kwa zege.