Namna ya kusoma habari za vita na idadi ya waliokufa bila kuburuzwa

Wakuu, pale vijiweni Mwanjelwa kila jioni ni mabishano ya vita, mara Ukraine, mara Gaza, mara Goma, na kila mtu ana namba yake aliyoitoa kwenye status ya mtu. Mmoja anasema wamekufa elfu kumi, mwingine anasema we muongo, wa tatu anatoa simu anaonyesha video. Swali linalorudi kila siku ni moja, hivi wananchi wa nchi inayopigana wanachoka lini, lini wanasema sasa basi rudisheni watoto wetu? Naandika hapa namna ninavyozisoma hizi habari, mwenye njia nyingine aongezee.

Ukikutana na namba ya waliokufa usianze na wangapi. Anza na ni wa nani na kahesabu nani. Sisi wa nyanda za juu kusini mfano tunao mlangoni. Ukitoka Iringa mjini ukashika njia ya Morogoro unapita Lugalo, hapo ndo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa walimmaliza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na kikosi chake, Wazungu 10 na askari na wapagazi weusi zaidi ya 200, na mnara wa Wajerumani wa kuwakumbuka watu wao upo mpaka leo. Njoo sasa Majimaji, 1905 hadi 1907. Upande wa Mjerumani walikufa Wazungu 15 na askari weusi 389. Upande wa wananchi serikali ya Mjerumani yenyewe ilitaja 75,000, wanahistoria waliokuja baadaye wakafika 250,000 mpaka 300,000, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa makusudi, Ungoni huko, Ubena huko. Mtu aliyekaa Berlin akisoma gazeti aliguswa na ile 15. Ndo maana ugomvi mkubwa bungeni kwao, mpaka bunge likavunjwa Desemba 1906, ulikuwa wa hela za vita ya Namibia, maana kule ndo walikopelekwa vijana wa Kijerumani wenyewe kwa maelfu. Maiti za watu wengine huwa haziangushi serikali, inauma ila ndo ilivyo, kwahiyo ukitaka kujua kama nchi itachoka vita tafuta hesabu ya maiti zake yenyewe.

Halafu angalia hizo maiti zinaongezekaje. Kuna profesa wa Marekani, John Mueller, alipima maoni ya watu kwenye vita ya Korea na ya Vietnam akatoa kitabu 1973, alichokiona ni kwamba maiti za mwanzo ndo zinauma kuliko zote. Kutoka 100 kwenda 1,000 watu wanapungukiwa na hamu ya vita karibu sawa na kutoka 1,000 kwenda 10,000, baadaye wanakuwa kama wamezoea, waliobaki wanaiunga mkono ni wale wagumu tu. Kwahiyo usikae unasubiri siku moja ya maajabu ambayo nchi nzima inaamka na kugeuka.

Hapa kuna stori watu wanaipenda sana, kwamba runinga ndo iliyoimaliza vita ya Vietnam. Mtangazaji wa runinga ya Marekani, Walter Cronkite, alisema tarehe 27 Februari 1968 kwamba vita imekwama, na basi Wamarekani wakageuka. Weka tarehe pembeni uone. Gallup, kampuni ya Marekani ya kupima maoni, walikuwa wanauliza watu kama kupeleka jeshi kule ilikuwa kosa, Agosti 1965 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 24, Oktoba 1967 wakawa asilimia 47 na tayari wamewazidi waliosema siyo kosa. Hiyo ni miezi kabla Cronkite hajafungua mdomo. Ile picha ya mtoto anayekimbia ameungua na napalm (moto wa mabomu) kule Vietnam ni ya Juni 1972, wakati huo wanajeshi wengi wa Kimarekani walishaondoka. Kwahiyo kila ukiambiwa picha fulani imebadilisha mawazo ya nchi, tafuta picha ni ya lini na maoni yalianza kushuka lini, mara nyingi utakuta picha imekuja kuwapa watu maneno ya kitu walichokuwa nacho tayari moyoni.

Sisemi picha hazina kazi. Mogadishu, Oktoba 1993, walikufa wanajeshi 18 wa Marekani na mwili wa mmoja ukaburuzwa barabarani dunia nzima inaangalia (Wasomali waliokufa siku ile ni mamia, rudi kule juu kwenye swali la ni wa nani). Siku chache tu Rais Clinton akatangaza wote watakuwa wametoka ifikapo tarehe 31 Machi 1994. Watu 18! Na Uingereza 1982 ilipoteza watu 255 kwenye vita na Argentina ya visiwa vya Falklands kwa muda wa wiki kama kumi, na wananchi wakabaki nyuma ya serikali. Tofauti nini? Kule Somalia Mmarekani wa kawaida alijua vijana wameenda kugawa chakula, ghafla anaona jeneza, haelewi wanapigania nini wala ushindi unafananaje. Falklands walielewa, na walikuwa wanashinda. Hata kwetu 1978, Mwalimu aliposema Novemba 2 kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo na uwezo wa kumpiga tunao, Amin alikuwa keshakalia ardhi ya Kagera, sababu haikuhitaji mtangazaji wa kuifafanua, watu wakatoa ng'ombe na mahindi. Kwahiyo kila namba ya maiti isome pamoja na swali hili, je wenye watoto wao kule bado wanaamini inaenda kuisha vizuri?

Serikali zinayajua haya yote ndo maana zinaficha majeneza. Marekani ilizuia kupiga picha majeneza yakishushwa Dover, uwanja wa ndege za jeshi, kuanzia 1991 mpaka 2009. Wasovieti walipoteza watu kama 15,000 Afghanistan, miili ikirudi kwenye majeneza ya zinki na ndugu wakiambiwa wasiseme sana. Dawa yake ni kushuka chini kwenye habari ndogo ndogo, tanzia, gazeti la mkoa, mazishi, akina mama wanaouliza mtoto wangu yuko wapi. BBC ya Kirusi na Mediazona, chombo huru cha habari cha Warusi, wanahesabu Warusi waliokufa Ukraine hivyo hivyo, tanzia moja moja na makaburi mapya, hawasubiri msemaji wa jeshi.

Namba ya siku ya kwanza usiifanye msumari. Walinda amani wetu walivyoshambuliwa Semuliki kule Kongo tarehe 7 Desemba 2017 kwanza ilisemwa 14, baadaye ikawa 15 na mmoja hajulikani alipo. Na hapo mhesabuji alikuwa Umoja wa Mataifa, sembuse pande mbili zinazopigana.

Video sasa. Ile ya usiku, taa zinapaa angani kama nyuzi nyekundu halafu ndege inalipuka na chini wameandika LEO ASUBUHI, mara nyingi ni gemu la Arma 3, wenye gemu wenyewe walishalalamika. Isimamishe, piga skrinshoti sehemu yenye jengo au kibao, peleka Google Lens uone kama ilishapostiwa miaka ya nyuma. Zima muziki walioweka juu, sikiliza watu wanaongea lugha gani. Angalia kamera, kama mlipuko umetokea jirani na kamera haijatikisika hata kidogo na hakuna mtu anayepiga kelele, achana nayo.

Na kwenye magrupu, ukituma namba andika ni ya tarehe ngapi na kahesabu nani, ukituma video sema umeitoa wapi. Picha za maiti hapana, humo ndani kuna watu wana kaka zao jeshini, na admini akikutoa usije kulia inbox.