Ukienda Aisilandi soma mawe, usiishie kupiga picha

Watu wengi wakifika Aisilandi wanazunguka barabara namba 1 fasta fasta, picha mbili tatu kila kituo, wanarudi bila kujua walikanyaga nini, na kwakweli inaniuma. Beba lensi ndogo ya kukuzia, nyundo iache nyumbani, alafu kila unaposimama jiulize: hii lava (uji wa moto wa volkano) ilipoa hewani au chini ya barafu?

Ya hewani ni rahisi, nyeusi, ina vitundu vya gesi kama mkate na saa zingine juu imejikunja kama kamba. Ya chini ya barafu ndo utamu wenyewe, lava ikikutana na maji ya barafu inapasuka vipande vidogo vidogo vya kioo, baadae vinashikana vinakua mwamba wa kahawia wenyeji wanauita móberg. Sasa volkano ikiendelea mpaka ikatoboa barafu, lava inaanza kumwagika hewani na kutanda juu, ndo maana mlima Herðubreið (mita 1,682) umekaa kama meza, na ule ubapa unakuonyesha barafu ilifika kimo gani enzi hizo volkano ikilipuka! Mi sijaona mlima unaojieleza vizuri hivo.

Anzia Þingvellir, pita katikati ya kuta za ule ufa wa Almannagjá, hapo unaona ardhi ya Aisilandi inavyoachana, kwa jumla kama sentimita 2 kwa mwaka, habari ile ile ya Bonde letu la Ufa ila huku inaenda haraka zaidi. Shuka kusini hadi ufukwe wa Reynisfjara uone nguzo za basalti (mwamba mweusi wa lava), lava ikipoa inasinyaa na kupasuka hivo, aliyefika Hell's Gate kule Naivasha atakumbuka. Tafadhali usiipe bahari mgongo pale, mawimbi yameshaua watu.

Kwenye mto wa barafu wa Sólheimajökull, ile mistari myeusi ndani ya barafu ni majivu ya volkano. Kwenye miamba ya pembeni tafuta mikwaruzo iliyonyooka, barafu ikitembea inaburuta mawe. Kupanda juu ya hiyo barafu bila mwongozaji na viatu vya meno ya chuma, hapana.

Malizia karibu na Skaftafell, kuna vyuma vya daraja vimepinda pembeni ya barabara. Mwisho wa Septemba 1996 volkano ililipuka chini ya barafu ya Vatnajökull, maji yakajikusanya Grímsvötn, ziwa lililo chini ya barafu hiyo, zaidi ya mwezi, tarehe 5 Novemba yakafumuka na mapande ya barafu makubwa kama nyumba. Ndo yaliyovikunja vile vyuma.