Akimaliza zoezi kabla ya wenzake: kumfundisha mtoto mwenye kipaji ndani ya darasa kubwa

Nafundisha Hisabati Darasa la Tano hapa Dar es Salaam, upande wa Mbagala, darasa lenye watoto zaidi ya 80. Walimu wenzangu wa Temeke na Ilala mnaujua msongamano huo. Nguvu zetu huwaendea wanaochelewa, na anayeelewa haraka, akimaliza maswali matano, tunamwongezea kumi yanayofanana nayo. Kwake hiyo ni adhabu, na muda si mrefu anajifunza kufanya taratibu ili asiongezewe. Mpe kazi yenye kina zaidi katika mada ileile.

Hatua ya 1: Watambue

Usitegemee nafasi za mtihani wa mwezi peke yake. Nyingine zinatokana na tuisheni. Tafuta anayeuliza "kwa nini", na anayepata jibu kwa njia ambayo hukuifundisha. Mtundu wa dawati la nyuma mwangalie pia, na msichana mkimya ambaye hanyooshi mkono. Andika majina kwenye daftari lako, usiyatangaze, na yapitie upya kila mada: anayeng'ara kwenye hesabu za sehemu anaweza kuhitaji msaada kwenye jometri.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kufundisha

Siku ya kuanza mada, andika ubaoni maswali matano magumu ya mwisho wa mada. Atakayepata manne na kueleza ameyapataje, msamehe mazoezi ya kurudia. Joseph Renzulli, mtaalamu wa Marekani wa elimu ya watoto wenye vipaji, ni miongoni mwa walioueneza mtindo huu wa kumfupishia mwanafunzi kile anachokijua tayari, ili muda uliobaki autumie kwa kazi nyingine.

Hatua ya 3: Andaa kadi za kazi

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kata maboksi ya dukani, andika kwa kalamu ya wino mzito, kadi moja kazi moja. Hii ni mojawapo ya zangu, kwa ajili ya siku darasa linapojifunza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti:

*Wamisri wa kale waliandika karibu sehemu zote kwa kujumlisha sehemu zenye kiasi 1, bila kurudia hata moja. Kwa mfano, 3/4 ni 1/2 + 1/4. Andika 5/6 na 7/12 kwa mtindo huo. Kisha jaribu 4/5.*

5/6 inatoka upesi: 1/2 + 1/3. 7/12 ni 1/3 + 1/4. Lakini 4/5 haikubali kwa sehemu mbili, na mtoto atahangaika. Mwache ahangaike. Kwa sehemu tatu ina majibu mawili: 1/2 + 1/4 + 1/20, na 1/2 + 1/5 + 1/10. Akipata moja, mwambie lipo jingine. Akiyapata yote, muulize ana uhakika gani kwamba hakuna la tatu.

Kuna na upande wa maisha. Mikate 5 kwa watu 6: mitatu kata nusu, miwili kata theluthi, kila mtu anapata nusu na theluthi. Muda wote huo anatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) kama wenzake, ila anaitumia kufikia kitu kikubwa zaidi.

Hatua ya 4: Weka utaratibu

Wanaofanya kadi wakae wawiliwawili. Wakikwama wajaribu njia mbili kabla ya kukuita, na waandike walipokwamia. Ukimaliza kuelekeza darasa, pita kwao dakika chache. Na tafadhali, usimgeuze mtoto huyu kuwa mwalimu msaidizi wa kila siku. Kumwelekeza mwenzake mara mojamoja kunamjenga, lakini naye amekuja shuleni kujifunza.

Hatua ya 5: Sahihisha njia, na uiandike kazi

Soma alivyofikiri, hata jibu likiwa na kosa, na umwandikie swali moja la kumsogeza mbele. Kazi hizi ziingize kwenye andalio la somo, ili mthibiti ubora akija aone kwamba zimepangwa. Wazazi watakuuliza kama ni maandalizi ya shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha au Mzumbe. Waeleze kwamba mtoto anasoma mada za mtaala uleule, kwa kina zaidi.

Kadi zikizoeleka, boksi liache wazi kwa darasa zima, anayetaka ajaribu. Utapata majina ambayo hukuyaandika kwenye daftari lako.