Nyumba ya zamani Tanga: kagua umeme kabla ya kupaka rangi

Wanaouza nyumba za zamani Ngamiani au Chumbageni wengi huanzia kwenye rangi. Anzia kwenye umeme. Waya mbovu zikigundulika baadaye, fundi atachimbua plasta hiyohiyo uliyoilipia, na mnunuzi atashusha bei ukimtazama.

Hatua ya 1: Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Fundi wa mtaani anatosha kubadili taa, ila hapa unamtaka mtu wa kupima na kutia saini alichokipima.

Hatua ya 2: Fundi ajaribu testa yake kwenye soketi yenye umeme, azime meni swichi, kisha apime tena. Lakiri ya mita msiiguse, hiyo ni kazi ya TANESCO.

Hatua ya 3: Fungueni soketi kadhaa, ya jikoni isikose. Waya nyekundu na nyeusi ni rangi za zamani, siku hizi ni kahawia na buluu. Rangi hizo peke yake si kosa. Angalieni ganda. Waya za kale zilivikwa mpira, na ukiukunja kidogo ganda likapukutika, waya huo unang'olewa wote. Tepu haisaidii kitu.

Geuzeni soketi ya matundu matatu mwone nyuma. Mara nyingi mtakuta waya mbili tu, pa ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, patupu. Siku waya wa ndani ya friji utakapogusa bati lake, atakayelishika ndiye atakayepigwa. Kwangu mimi hili ndilo la kwanza kutengenezwa, hata kama fedha ni kidogo.

Hatua ya 4: Fukueni kichwa cha nondo ya ethi. Hewa ya chumvi huku pwani haina huruma na klampu: ikiwa imelika au imeota ukungu wa kijani, badilisheni, kisha fundi apime upya.

Hatua ya 5: Chomoeni fyuzi. Mkikuta nyuzi za shaba zimesokotwa humo badala ya waya wa fyuzi, jueni kuna mtu alichoka kuungua fyuzi akaamua nyumba ndiyo iungue. Wekeni sakiti breka, pamoja na kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampia 30.

Hatua ya 6: Chomoeni vyombo vyote, toeni na balbu, ndipo fundi apime waya kwa mega ya volti 500, kifaa cha kupima kama ganda la waya bado linazuia umeme. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, kuna mahali umeme unavuja. Anzeni kutafuta darini, kwenye viungo vilivyofungwa tepu na waya zilizotafunwa na panya.

Hatua ya 7: Peleka namba ya mita ofisi ya TANESCO uulizie deni na jina lililosajiliwa. Kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, kwa hiyo malimbikizo yatamwangukia mnunuzi kila akinunua umeme. Ripoti ya fundi itoe nakala mbili, moja umpe mnunuzi kabla hamjaanza kutajiana bei.