Unakuja Kwale? Uliza maji kwanza

Disemba ikikaribia simu yangu haitulii. Mara binamu wa Nairobi, mara rafiki wa binamu, mara mwalimu amepewa transfa Lunga Lunga na hajawahi kuvuka Likoni maishani, mara mzee amestaafu anatafuta kashamba ka kuzeekea akiona bahari. Maswali ni yaleyale kila mwaka na mimi nimechoka kurekodi voisi za dakika nane nane, kwa hivo wacha niandike mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Kwanza tuelewane, Kwale si Diani. Diani ni ufuo mmoja na mahoteli yake. Kwale ni kaunti nzima ya pwani ya kusini ya Kenya, ina maeneo bunge manne, Matuga, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango, na sehemu kubwa ni minazi, mikorosho, mihogo na watu wa mashamba, afu ukipanda huko Kinango ni nyika ya mifugo, mvua ikikosa misimu miwili watu wanalia kweli.

Nafikaje?

Ukitoka Mombasa mjini ni feri ya Likoni. Wa miguu hulipi kitu, gari ndo linalipa, na asubuhi na jioni utasimama pale mpaka ujuane na muuza karanga. Ukishuka na treni ya SGR Miritini usikubali mtu akuzungushe mjini bure, mwambie dereva apite barabara ya Dongo Kundu, unatokea Kibundani huku upande wetu bila kuiona feri. Kutoka hapo ni lami moja tu, Tiwi, Ukunda, Msambweni, mpaka Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania.

Ila kama umeandikiwa uripoti kazi "Kwale", yaani Kwale mjini, makao ya kaunti, hapo hakuna bahari. Unakata kona Kombani unapanda mlima upande wa Shimba Hills, na asubuhi kuna ukungu na ubaridi. Nishaona mtu ameripoti ofisini na begi limejaa kaptura za kuogelea.

Na ukiuliza njia sikiliza sauti sio maneno. "Hapo tu" ya haraka ni dakika tano kwa miguu. "Haaapo" ya kuvuta ni nusu saa. Akikuambia "kuleeee" huku kidevu kinapanda juu, tafuta boda.

Bahari iko hapo mbele yangu, mbona naambiwa nisubiri?

Hapa ndo wageni hukosea wote. Mtu anafika ufuoni saa nne asubuhi, taulo begani, anakuta bahari imeenda zake. Imebaki mwamba, mwani na vidimbwi, maji yako kule mbali mawimbi yanapopasukia. Ananipigia simu amekasirika utadhani nimeifungia mimi. Haijaharibika ndugu yangu, maji yamekupwa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Sasa shika hii. Mwezi ukiwa mpevu, ama siku ya mwezi kuandama, ni bamvua, maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi na hujaa sana karibu saa kumi jioni. Nne na kumi, basi. Ukishajua hiyo unahesabu siku toka mwezi, kila siku unaongeza hizo dakika 50, na wiki moja baadaye imegeuka, saa nne ndo yamejaa, ila hiyo wiki ni maji mafu, hayajai kivile wala hayapwi kivile. Wavuvi hawana haja ya jedwali, wanatazama mwezi tu usiku wanajua kesho dau litoke saa ngapi.

Na usidharau. Mimi nimezaliwa huku na nishaaibika. Nilipeleka wageni wawili kwenye fungu la mchanga maji yakiwa nje, tunapiga picha, tunaokota kaa tunawarudisha, raha tu. Akatupita mama mmoja wa pweza anarudi nchi kavu, leso kaifunga kiunoni, fimbo ya pweza mkononi, kapu begani linadondosha maji. Akasema, "Mwanangu, sisi twarudi, nyinyi mwaenda wapi?" Nikacheka, nikamwambia twaja mama, dakika kumi. Hizo dakika kumi zikawa arubaini, na unajua maji hayaji kwa mbele ukayaona, yanazunguka nyuma yako kwenye mkondo, kwa hivo tulipogeuka pale tulipopita tumekanyaga mchanga mkavu maji yalikuwa kiunoni na yanavuta. Tulivuka simu juu ya kichwa, mgeni mmoja kiatu kimoja mpaka leo anakidai. Kwa hivo kanuni yangu ni moja, ukiona kina mama wa pweza wanarudi, rudi.

Nije mwezi gani?

Msimu wa upepo wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, joto kali lakini bahari imetulia na maji ni maangavu, ndo wakati wa kwenda visiwa vya Wasini na Kisite kuangalia samaki na matumbawe. Kusi inaanza kuvuma kama Aprili mpaka Septemba, Juni mpaka Agosti bahari inachafuka, na nahodha akikuambia leo hatutoki usimwongezee pesa, mshukuru. Mvua ya masika Mei ndo kilele, barabara za ndani zinakuwa uji. Mbuga ya bahari ya Kisite unalipia kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, usiende na noti ukitegemea kubembeleza mtu. Mifuko ya plastiki wacha nyumbani, imepigwa marufuku nchi nzima tangu 2017, na kwenye mbuga hata chupa za maji za kutupa haziruhusiwi toka 2020.

Nimepata nyumba ya kupanga, niangalie nini?

Fungua mfereji. Usiangalie tailsi, usiangalie kabati la jikoni, fungua mfereji uonje maji. Kama hayatoki uliza yanatoka siku gani, afu uliza jirani swali hilohilo kwa sababu jibu la mwenye nyumba na la jirani haliwi moja.

Ukanda wetu wa chini hapa umekalia mwamba wa matumbawe. Maji tamu ya mvua yanapenya yanakaa juu ya maji ya chumvi yaliyoingia toka baharini, yaani kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kwa ndoo, mambo shwari. Ukitia mashine ukavuta sana ile tamu inaisha, chumvi inapanda. Jirani yangu alichimba kisima, mwezi wa kwanza maji kama ya dafu, anaita watu waje waonje, akaweka pampu kubwa ya kumwagilia bustani, kabla msimu haujaisha mchicha wote ukaungua ncha na yeye ananunua maji ya mkokoteni kama sisi wengine. Kipimo cha nyumbani ni rahisi, tia sabuni, ikikataa kutoa povu jua maji ni magumu, na maharagwe utayachemsha mpaka makaa yaishe bado yanagonga meno. Tiwi wamebarikiwa, chini kwao kuna maji tamu mengi na ndo visima vinavyolisha sehemu kubwa ya pwani ya kusini.

Mengine ya nyumba: karibu na ufuo upepo wa chumvi unakula chuma, geti, mabati, friji, vyote vinashika kutu mapema. Makuti yana ubaridi mtamu lakini kila miaka kadhaa unaezeka upya. Na gari usiliweke chini ya mnazi, nazi haipigi honi.

Nataka kununua shamba

Bei sisemi, kwa sababu bei ya mtu wa Nairobi na bei ya mtu wa hapa ni lugha mbili. Nitakuambia utaratibu. Fanya sachi masjala ya ardhi, uone hati ina jina la nani, kabla hujatoa hata shilingi ya chai. Afu nenda kwa mzee wa mtaa, kaa, salimia, uliza hilo shamba ni la nani, nyamaza, sikiliza atakavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Chukua savea akuonyeshe bikoni, zile alama za mipaka, kwa miguu. Mashamba mengi huku ni ya ukoo, hati ina jina la marehemu babu na wajukuu ishirini, mmoja akikuuzia na kumi na tisa hawajui, umenunua kesi. Shamba la kilimo lazima lipate idhini ya bodi ya ardhi, bila hiyo mauzo ni hewa.

Na kitu wabara hawajui kuuliza: minazi ni ya nani? Huku mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Unaweza kuwa na hati safi kabisa, asubuhi ukaamka mtu yuko juu ya mnazi "wako" anaangua, na akishuka anakuamkia vizuri tu kwa sababu yeye hana kosa, marehemu baba yake ndo aliupanda ama alipewa rehani. Malizaneni na hilo kabla ya kuandikiana, mti kwa mti.

Asiye raia hapewi umiliki wa moja kwa moja, Katiba ya 2010 inampa ukodishaji usiozidi miaka 99. Na ufuo, ile sehemu kati ya maji yakijaa na yakikupwa, ni ardhi ya umma, hata uwe na ukuta wa mita tatu huwezi kumzuia mvuvi kupita.

Halafu liangalie shamba mwezi wa Mei. Februari kila ploti ni nzuri. Mei ndo utajua kama umenunua shamba ama bwawa.

Watu wa huko wakoje?

Watu ni watu. Wadigo na Waduruma ndo wengi, Wavumba wako Wasini na Vanga, kuna Wachifundi, Wasegeju, Wakamba huko Shimba Hills, Wapemba, na Wamakonde ambao mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Kwa hivo usifike ukasema "nyinyi Waswahili" ukajumlisha wote.

Salamu usiifupishe. Hapa huanzi na "samahani, duka liko wapi". Unaanza salaam aleikum ama hujambo, habari za nyumbani, watoto wazima, ndo duka linakuja. Mzee mwamkie shikamoo. Mlangoni piga hodi mara tatu, kimya, ondoka, usichungulie dirishani. Ukihamia jitambulishe kwa mzee wa mtaa wiki ya kwanza, sio siku umeibiwa. Na jirani akifiwa unakwenda, hata kama hujawahi kuongea naye, unakaa kwenye mkeka, unatoa ulicho nacho. Nimeona mtu amekaa miaka minne hapa hajulikani jina, akaenda maziko mara moja, kesho yake watoto wote wanamwita mjomba.

Nguo, ufuoni vaa upendavyo, ila ukipanda kijijini ama sokoni jifunge leso. Ramadhani usile barabarani mchana. Ukienda Kaya Kinondo, msitu wa wazee wetu, moja kati ya zile kaya za Wamijikenda zilizotiwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, utafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na hakuna kuokota hata jani. Fuata unavyoambiwa.

Kuna wanyama?

Nyani na kima wataingia jikoni, funga dirisha, usiwape chakula hata mara moja. Mbega, wale weusi wenye mabega meupe, ni wapole, Diani wamewekewa ngazi za kamba juu ya barabara wavuke, endesha polepole. Ndovu wako Shimba Hills na wakati mwingine wanatoka wanakula mashamba ya watu, na hukohuko ndo mahali pekee Kenya utamwona palahala. Baharini hatari zaidi kuliko papa ni vile vidude vyeusi vya miiba mirefu kwenye mwamba, kwa hivo usitembee miguu mitupu. Mbu wapo na malaria ipo, chandarua sio mapambo. Hospitali kubwa ya rufaa iko Msambweni.

Nitakula nini?

Hapa sina wasiwasi na wewe. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, viazi karai jioni, sima kwa samaki mchana. Samaki nenda kununua pale madau yanaposhukia, na saa ya kwenda unaijua sasa, hesabu mwezi. Changu na tafi kwa nyumbani, nguru kama una wageni. Pweza apigwe kwanza, asikudanganye mtu. Mnazi upo, watu wanakunywa, lakini vijiji vingi ni vya Waislamu, usibebe mtungi wako ukipita mbele ya msikiti unaimba.

Nilete nini?

Tochi, chandarua, viatu vya plastiki zile sandak za kutembelea mwambani, chaja ya simu yenye betri yake kwa sababu stima ikienda haisemi inarudi lini, na mitungi miwili ya lita 20 yenye vifuniko. Binamu yangu mwaka jana aliicheka hiyo mitungi, akaja na begi la magurudumu. Siku ya tatu mfereji ukakauka, tukamkuta pampuni saa kumi na mbili asubuhi amepanga foleni na sufuria.